Kwa nini nauli ya Kayole hupanda mvua ikinyesha

Mvua ikianza saa kumi na moja jioni, nauli ya kutoka katikati ya Nairobi kwenda Kayole, mtaa wa mashariki mwa jiji, hutoka shilingi 80 ikafika 150 kabla lami haijalowa sawasawa. Abiria humlaumu kondakta kwa tamaa. Tamaa ipo, lakini haielezi ni vipi sacco, yaani vyama vya ushirika vya wenye matatu, zinazogombania abiria wale wale hupandisha bei kwa kiasi kile kile ndani ya robo saa. Kinachoeleza ni hesabu ya gari. Naiweka hapa yote kwa sababu nauli ndiyo inayoamua nani anaishi wapi Nairobi, na mradi wa barabara usioigusa humwacha mwenye kipato kidogo pale pale alipokuwa.

Kwa watu wa matatu, "hesabu" ni pesa anayopelekewa mwenye gari kila jioni, gari lipate abiria au likose. Dereva na kondakta wengi hawana mshahara. Kinachobaki baada ya hesabu, mafuta na gharama za njiani ndicho chao. Chukua gari la abiria 33 kwenye njia ya kilomita 15. Tarakimu ni za mfano na kila njia ina zake, ila mpangilio haubadiliki sana.

Hesabu ya mwenye gari ni 7,000. Mzunguko mmoja, kwenda na kurudi, ni kilomita 30, na kwa mwendo wa simama-twende gari kama hilo huenda kilomita 5 hivi kwa lita, kwa hiyo linakunywa lita 6. Dizeli ikiwa 180 kwa lita, mzunguko ni 1,080, na mizunguko sita kwa siku ni 6,480. Ada ya sacco, 500. Makamagera wanaoita abiria steji hupewa 50 kila gari linapoondoka, mara 12, yaani 600. Kuosha gari, 300. Dereva akitaka kufika nyumbani na 1,500 na kondakta na 1,000, jumla ya siku ni 17,380. Sijaweka pesa zinazotolewa njiani bila risiti, na kila anayepanda kiti cha mbele anajua zipo.

Sasa mapato. Asubuhi gari linaingia mjini limejaa mara mbili: abiria 33 kwa 80 ni 2,640, mara mbili 5,280. Likirudi mitaani halina watu, labda kumi kwa 40, basi safari mbili ni 800. Mchana linapiga mizunguko miwili, safari nne za abiria 25 kwa 50, jumla 5,000. Jioni ni asubuhi iliyogeuzwa: 5,280 kutoka mjini na 800 kurudi. Siku nzima ni 17,160. Siku ya kawaida, isiyo na ajali wala pancha, gari limepungukiwa na shilingi 220, na upungufu huo unatoka kwenye mfuko wa wafanyakazi.

Ndipo mvua inapokuja. Foleni inaganda, na mizunguko miwili ya jioni inakuwa mmoja. Zimepotea 3,040 za nauli, na hata tukikubali kwamba zile 1,080 za dizeli na 100 za makamagera zimeokolewa, pengo ni 1,860. Ligawe kwa abiria 33 wa safari moja iliyobaki: shilingi 56 kila mmoja. 80 na 56 ni 136, na kwa kuwa hakuna wa kutafuta chenji ya 14 kwenye mvua, inaitishwa 150.

Gari kusimama ndiko kunakopandisha nauli. Ukilishika hilo, mengi yanayoudhi ndani ya matatu yanaeleweka. Mchana gari hukaa steji dakika arobaini kwa sababu likitoka na watu 15 wa 50 linapata 750, na dizeli ya safari moja ni 540. Likishalipa kamagera linabaki na 160, na hesabu ya 7,000 bado haijaguswa. Jioni, aliyelipa mpaka mwisho wa njia huambiwa ashuke Donholm, kabla ya kufika Kayole, aingie gari la nyuma. Ameuzwa, kama wanavyosema wenyewe, kwa sababu kugeuzia Donholm kunamrudisha dereva mjini kabla saa ya abiria wengi haijapita. Mama mwenye mtoto mgongoni na gunia la sukuma wiki hushushwa hivyo kila jioni, na hakuna tangazo la kumwomba kondakta awe mstaarabu litakalobadilisha jambo hilo wakati malipo yake yanategemea ageuze haraka.

Sheria zimejaribu. Kanuni za 2004 za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mstari wa njano ubavuni mwa gari, na ziliokoa maisha. Kanuni za 2014 za NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, zikataka kila gari liwe chini ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Mwaka huo huo serikali ikataka nauli ilipwe kwa kadi, na mpango ukafa. Ulikufa kwa sababu gari linaendeshwa kwa pesa taslimu kila saa: kamagera, petroli steshen na yule wa kupokea ada ya sacco wote hulipwa papo hapo, na mtu wa mwisho kwenye foleni hiyo ya malipo ni dereva. Ukizifungia pesa kwenye kadi mpaka kesho bila kumwekea mshahara, umemnyima chakula cha leo.

Upande wa abiria, weka nauli kando ya mshahara. Anayetoka Kayole kwenda kufua na kupika Westlands hapandi gari moja. Njia karibu zote za Nairobi huishia katikati ya jiji, kila sacco kwenye steji yake, kwa hiyo atashuka upande wa Muthurwa, atembee mpaka Odeon akipenya katikati ya mikokoteni na wauza nguo, kisha apande la pili. Gari la kwanza 80, la pili 50, kwenda na kurudi 260. Kwa siku 26 za kazi ni 6,760. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Novemba 2024 kwa kibarua wa Nairobi kilikuwa 16,113.75, kwa hiyo asilimia 42 ya mshahara imeishia barabarani kabla ya kodi ya nyumba na unga, na hapo hatujahesabu hata siku moja ya mvua.

Wasioweza kulipa hutembea, na ni wengi. Tafiti za usafiri za jiji zimerudia kuonyesha kwamba safari kama nne katika kila kumi ni za miguu. Simama Lunga Lunga Road saa kumi na mbili unusu asubuhi uone mto wa watu wakielekea viwandani. Ndiyo maana mtaa wa mabanda wa Mukuru upo pale ulipo. Chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi kando ya Industrial Area kina moshi, mtaro wazi na maji ya kununua kwa mtungi, lakini mpangaji akikichagua anakuwa amefuta nauli. Mtu huyo anajua hesabu vizuri kuliko wataalamu wengi wa mipango ya miji. Nyumba za Mukuru kwa Njenga zilipobomolewa mwishoni mwa 2021 kupisha barabara, waliohamia mbali waliongezewa nauli ambayo haikuwa kwenye bajeti ya mradi wowote. Kabla ya hapo, Julai 2018, ilikuwa zamu ya Kibera, barabara ilipokatizwa kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Fidia ikihesabiwa, huhesabiwa mabati na mbao. Umbali wa kwenda kazini hauhesabiwi, na kwangu huo ndio udhalimu mkubwa zaidi wa ubomoaji.

Barabara ya kulipia ya Expressway, inayopita juu ya zile za kawaida kwa sehemu kubwa, kilomita 27.1 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022. Tangu Januari 2024 gari dogo hulipa shilingi 500 kuipita yote, yaani nauli ya zaidi ya siku tatu ya yule wa Kayole anayepanda gari moja tu kwenda na kurudi. Matatu inaruhusiwa kupita juu, ila huko juu hakuna wa kupakia wala wa kushusha kati ya mlango na mlango, na abiria wa Imara Daima au Bellevue wako chini. Dakika zimepunguzwa kwa aliyekuwa na gari lake. Sidai barabara hiyo haina faida. Nasema haikupunguza hata dakika moja ya matatu ya Kayole kusimama kwenye Jogoo Road.

Mradi ambao ungezipunguza ni ule wa mabasi ya njia yake pekee. Namata, mamlaka ya usafiri ya eneo la Nairobi, iliundwa 2017 kusimamia usafiri wa Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, na ramani yake ina njia zenye majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati. Mwaka 2019 mstari mwekundu ulichorwa Thika Road, na rangi ikafifia kabla basi hata moja la mfumo huo halijapita juu yake. Dar es Salaam mfumo kama huo, mwendokasi, umekuwa ukibeba watu tangu 2016, na matatizo yake, mabasi machache kuliko abiria na karakana ya Jangwani kujaa maji, yanafundisha kwamba njia pekee haitoshi bila magari ya kutosha. Mimi naongeza jambo la pili: mwendeshaji alipwe kwa kilomita, asilipwe kwa kichwa cha abiria. Dereva wa kilomita hana sababu ya kungoja gari lijaze wala ya kugeuzia Donholm. Na wenye matatu wa sasa waingizwe kwenye mikataba hiyo tangu mwanzo, la sivyo watashindana na basi barabara ya pembeni na foleni itahamia huko.

Wakati hayo yakingojwa, kuna kazi ndogo ambazo mtaa unaweza kuzidai, nyingi za waendao kwa miguu. Sera ya kaunti ya 2015 iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa kutembea na baiskeli. Idai.

Anza kwa kujua barabara ni ya nani. Mombasa Road, Thika Road na Waiyaki Way ni za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa. Outer Ring na Ngong Road ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Nyingi za ndani ya mitaa ni za kaunti. Barua ikienda ofisi isiyohusika hukaa miezi bila jibu.

Pili, usiombe daraja la juu kabla hujapima. Daraja la mita 5.5 juu ya lami, lenye mteremko wa 1 kwa 12 anaoumudu mtu wa kiti cha magurudumu, linahitaji mita 66 za kupanda na 66 za kushuka, mbali na upana wa barabara yenyewe. Ndiyo sababu watu huvukia chini na kugongwa hata daraja likiwepo. Kwenye barabara kuu halina mbadala, lakini lazima liwekwe pale pale watu wanaposhukia, na liwe na ngazi pamoja na mteremko. Outer Ring ilipopanuliwa, madaraja yalikuja baada ya magari kuanza kupita kasi, na watu walikufa katika pengo hilo. Kwenye barabara ya mtaa, tuta pana lenye kivukio juu yake, la kimo sawa na njia ya miguu, ni bora na ni rahisi zaidi.

Tatu, hesabu watu. Watu wawili wasimame mahali pamoja kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja unusu asubuhi, wahesabu wapitao kwa dakika 15, wazidishe kwa 4. Warudie Jumanne na Alhamisi. Jumatatu na Ijumaa huyumba. Waandike pia upana wa njia ya miguu kwa mita, idadi ya vifuniko vya mtaro vilivyokosekana, na taa zisizowaka. Mhandisi anaweza kupuuza malalamiko. Tarakimu zenye tarehe na picha humlazimu kujibu.

Nne, wahi kalenda ya bajeti. Kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kabla ya Septemba 1, waraka wa mikakati ya fedha kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Vikao vya wananchi huitishwa kabla ya tarehe hizo, mara nyingi kwa tangazo la siku chache. Ombi ambalo halikuingia kwenye mpango wa Septemba ni vigumu kulipatia pesa Aprili, hivyo kivukio kinachotakiwa mwaka ujao kiandikiwe Julai au Agosti hii. Peleka nakala mbili kwa ofisi ya msimamizi wa wadi na moja kwa karani wa bunge la kaunti, na usiondoke wadini bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.