Violini za bafuni

Leo darasani tumechambua tukio la bafuni, pale mwanamke anapochomwa kisu akioga, kwenye Psycho, filamu ya kutisha ya Hitchcock, ile ya 1960.

Mwalimu kwanza akazima sauti. Watu wakacheka, maana bila sauti unaona pazia, maji na mikono tu.

Akarudisha sauti.

Jamani, zile violini za Bernard Herrmann, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo! Dada aliyekaa mbele yangu alipandisha miguu juu ya kiti.

Na damu yenyewe ni shira ya chokoleti. Filamu haina rangi, nani angejua?

Mchana tukapewa kamera. Nikaiweka chini kabisa, karibu na sakafu, mwenzetu akashuka ngazi polepole. Ndiye mpole kuliko sote, lakini kwenye skrini hata mimi nisingemfungulia mlango 😂

Nyie filamu gani iliwalaza taa zikiwaka?