Fulana hiyo sivai

Tuko kwenye safari ya baiskeli ya kuchangisha hela za watoto wenye utapiamlo. Leo upepo wa mbele umetutesa tangu asubuhi, na jioni hii miguu inagoma hata kupanda ngazi. Hilo litapita. Kinachonikera ni wazo la mwenzetu mmoja tulipokuwa tumepumzika: eti fulana za mwaka ujao ziandikwe kwamba tunaendesha baiskeli ili tuonje njaa ya watoto. Nikamwambia fulana hiyo mimi sivai.

Mchana, katikati ya mlima, nguvu ziliniishia ghafla. Ukikanyaga pedali kwa bidii, akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli na ini haimalizi saa nyingi. Usipokula njiani, mikono inatetemeka, macho yanaingia kiwi, unaweza hata kuikasirikia gia. Aliyekuwa nyuma yangu akanipa karanga na kinywaji cha sukari. Baada ya muda mfupi nikawa napiga soga. Hiyo unaiita njaa? Gari la msaada lilikuwa linatufuata, limejaa vyakula.

Mwili wa mtoto aliyekosa chakula kwa muda mrefu huanza kujila wenyewe: mafuta, kisha misuli. Kinga inashuka, na kuhara ambako mwenzake angepona kunamuua. Akikosa lishe katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi umri wa miaka 2, anaweza kudumaa kimo na akili, na mlo mmoja mnono hauwezi kurekebisha hayo. UNICEF, WHO na Benki ya Dunia walikadiria kwamba mwaka 2022 watoto milioni 148 wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, na milioni 45 walikuwa wamekonda kupita kiasi.

Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa kwa utepe mkononi, juu ya kiwiko. Mzingo ukiwa chini ya sentimita 11.5, utepe unaonyesha rangi nyekundu: ana utapiamlo mkali. Nimekata karatasi ya urefu huo sasa hivi. Haizunguki hata kifundo cha mkono wangu.

Asiye na matatizo mengine hutibiwa nyumbani kwa pakiti za gramu 92: karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Hakuna kupika wala kuchanganya na maji. Kila pakiti ina kalori 500, ambazo mimi huzimaliza kwa saa moja hivi barabarani. Kama lazima fulana iandikwe kitu, iandikwe hesabu hiyo.

Shangazi aliwahi kuniuliza kwa nini nisitume tu hela nikabaki nyumbani. Swali zuri. Hela zangu peke yangu ni kiduchu. Nikitangaza kwamba naendesha, mpaka wale ndugu wagumu wa mkono wanafungua pochi. Chakula na malazi najilipia, ahadi zao sizigusi.

Kesho kuna mlima mwingine, mrefu kuliko wa leo. Shangazi huyohuyo ameahidi kutoa mara mbili nikiupanda bila kushuka kwenye baiskeli. Nimemjibu aandae hela.