Nauli nafuu ya treni Ulaya inaanzia kwenye viza

Sisi wa Mtwara tumezoea nauli isiyotikisika. Ukikata tiketi ya basi la Dar es Salaam pale stendi ya Mkanaledi leo kwa safari ya kesho, au ukaikata wiki mbili kabla, unalipa kiasi kilekile, kwa kuwa nauli kikomo huwekwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Treni nayo hatuna. Reli ya kusini iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ilifungwa mwaka 1962, na wanangu watatu hawakuwahi kupanda treni yoyote. Kwa mazoea hayo, tulipoamua kwenda kumtembelea shemeji yangu anayeishi Köln, Ujerumani, na kutoka hapo kufika Brussels na Paris, nilidhani kazi yangu ilikuwa kuuliza nauli ni kiasi gani. Ilinichukua jioni kadhaa kuelewa kwamba swali hilo halina jibu moja.

Tiketi za treni za kasi za Ulaya huuzwa kama za ndege. Viti vya bei ya chini hufunguliwa miezi kadhaa kabla ya safari, huwa vichache, na vikiisha bei hupanda kidogo kidogo hadi siku yenyewe, wakati anayekaa kiti cha dirishani anaweza kuwa amelipa mara tatu ya jirani yake. Siku nayo ina uzito wake: nilipolinganisha safari za Köln hadi Brussels katika wiki moja, ya Jumatano asubuhi ilikuwa chini ya nusu ya ile ya Ijumaa jioni. Kwa familia ya watu watano, tofauti hiyo inazidi nauli yetu sote ya basi la Dar kwenda na kurudi.

Hata hivyo, kwa Mtanzania kuna fundo ambalo maelezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya Wazungu hayaligusi. Tiketi ya bei ya chini kwa kawaida hairudishwi fedha, au hurudishwa kwa kukatwa, na hakuna mzazi mwenye busara atakayeinunua kabla pasipoti hazijagongwa viza. Wengi wetu huomba viza wiki chache kabla ya kuondoka, hivyo inapotoka, viti vya bei nzuri vimekwisha. Kumbe ombi la viza ya Schengen, ile moja inayokubalika katika nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15. Tulikusudia kusafiri likizo ya Juni. Fedha za korosho zilikuwa zimeingia baada ya minada ya mwisho wa mwaka, basi tukaomba mwezi Januari. Ada ilikuwa euro 90 kwa mtu mzima na kwa binti yangu wa miaka 13, euro 45 kwa wa miaka 9, na bure kwa mtoto wetu wa mwisho, wa miaka 5. Kufikia Februari tulikuwa huru kukata tiketi zenye masharti magumu bila hofu. Niongeze hapa kwamba viza hiyo haimfikishi mtu Uingereza, hivyo nauli nafuu ya kwenda London isikushawishi kama huna viza ya huko.

Umri wa watoto nao ni fedha. Katika treni za Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, ndani ya nchi hiyo, mtoto wa chini ya miaka 6 hahitaji tiketi, na wa miaka 6 hadi 14 husafiri bure akifuatana na mkubwa, ilimradi aandikwe kwenye tiketi wakati wa kuinunua. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa anatimiza miaka 6 mwezi Mei. Nilikuwa nimeshajaza 5 ndipo mke wangu, aliyeshika daftari la hesabu barazani kwetu Shangani, akaniuliza nahesabu umri wa leo au wa siku ya safari. Nikafuta, nikaandika 6. Safari za kuvuka mpaka zina kanuni tofauti kwa kila kampuni, kwa hiyo ni lazima kujaza umri halisi wa kila mtoto kabla ya kulinganisha bei. Nauli ya mkubwa mmoja inayoonekana ya chini inaweza kuwa ghali ukijumlisha watano.

Kati ya Köln na Brussels zinapita treni za kampuni mbili: ICE, yaani treni za kasi za Deutsche Bahn, na zile nyekundu za Eurostar, zilizokuwa zikiitwa Thalys hadi mwaka 2023. Nilifungua tovuti za kampuni zote mbili, nikalinganisha bei za siku tatu mfululizo. Pasi ya Eurail, tiketi moja ya kupanda treni nyingi, ambayo ndiyo inayouzwa kwa wasio wakazi wa Ulaya, niliiacha. Inawatoza vijana kuanzia miaka 12 na treni nyingi za kasi bado hudai malipo ya kuweka kiti, hivyo kwa safari chache kama zetu isingelipa.

Malipo yalitusumbua kwa namna yake. Namba ya uthibitisho kutoka benki ilichelewa kufika kwenye simu, muda wa tovuti ukaisha, na niliporudia bei ilikuwa imepanda ngazi moja. Mara ya pili niliipigia benki kwanza ili kadi iruhusiwe kulipa nje ya nchi, kisha nikaenda mahali penye mtandao imara.

Brussels tulibadili treni kwa tiketi mbili tofauti. Kanuni za Umoja wa Ulaya humrudishia abiria robo ya nauli treni ikichelewa kwa dakika 60 na nusu ikifika dakika 120, lakini aliyenunua tiketi mbili za mikataba tofauti hana uhakika wa kupewa treni nyingine akiikosa ya pili. Niliacha saa mbili katikati, watoto wakala viazi vya kukaanga kituoni, na Paris tukafika kwa wakati.

Mwaka huu mke wangu anataka tufike Amsterdam. Kutoka Brussels kuna treni isiyo ya kasi sana ambayo hailazimishi kuweka kiti, na nimeshaandika bei yake daftarini, chini ya tarehe ya kuomba viza.