Wimbo wa Nyanya Yake Gram

Jana stima ilipotea saa mbili usiku. Nikabaki na simu na hedifoni, nikaisikiliza Sweetheart of the Rodeo, albamu ya The Byrds, mwanzo hadi mwisho. Naijua albamu hii miaka mingi, lakini gizani sauti husogea karibu zaidi.

Kilichonishika kwanza ni gitaa la stili, lile linalolazwa mbele ya mpigaji kama meza, naye akitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi huku miguu ikikanyaga pedali. Machi 1968 The Byrds, bendi ya roki ya Los Angeles, walikwenda Nashville, kitovu cha muziki wa kantri, kurekodi kantri, na stili akapiga Lloyd Green. Wapigaji wa Nashville walizoea kupishana: mstari huu stili inajibu, ule fidla. Green akauliza wanataka aingie wapi. Wakamwambia kote. Sikiliza wimbo wa kwanza: stili haimpishi mtu, inamzunguka mwimbaji kama nyuki aliyeona ua. Kwangu mimi, albamu nzima imo katika jibu lile.

Aliyewavuta kwenye kantri ni Gram Parsons, kijana wa miaka 21 aliyeingia bendini mwaka huohuo. Katika safari hiyo walipanda jukwaa la Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha kantri kilichorushwa kutoka ukumbi wa Ryman. Watu wakawazomea. Wimbo wa Merle Haggard, mwimbaji wa kantri, ulikuwa umeshatangazwa, Gram akabadilisha palepale: akasema ataimba Hickory Wind, aliotunga na Bob Buchanan, kwa ajili ya nyanya yake. Wenye kipindi walikasirika.

Ukumbi mzima umekukataa, nawe unamwimbia mtu mmoja aliyezoea kukaa kando ya redio! Nyanya yangu hakujua Kiingereza, lakini Jumapili Jim Reeves akianza kuimba, mikono yake ilitulia kwenye ungo wa maharagwe mpaka wimbo uishe. Hatukuthubutu kumsemesha.

Linaloniuma ni yaliyofuata. Ulizuka mzozo wa mkataba wa zamani wa Gram, na katika nyimbo tatu sauti ya Gram ikaondolewa, wenzake bendini Roger McGuinn na Chris Hillman wakaimba upya. Albamu ilipotoka Agosti, Gram hakuwa tena bendini. Aliondoka Julai, akikataa kwenda Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Kwenye chati ya Billboard ya Marekani albamu ilikomea namba 77. Gram alifariki 1973, akiwa na miaka 26 tu.

Hickory Wind wameuacha na sauti yake. Anaikumbuka miti ya South Carolina, sauti inatetemeka kidogo, stili inamfuata taratibu. Niliurudia mara tatu, hadi stima iliporudi na friji ikaanza kunguruma.