Kijiko cha Plastiki

Jana mvua ya kwanza ilinyesha Kigoma, harufu ya vumbi lililolowa ikanijaa puani. Binti yangu alikinga beseni chini ya bati, akaniuliza, "Baba, mvua inashuka na nini?" Nikamjibu: na maji. Usiku jibu hilo likaninyima usingizi, maana jibu lenyewe ninalo tangu mvua za 2009.

Nilikuwa kibarua wa watafiti. Wiki nzima tulitoa matope ziwani kwa mabomba, hayo siyasimulii. Siku ya mwisho tulipanda shambani kwa bibi, juu ya bonde la Luiche. Mtafiti akapiga magoti kwenye udongo uliotoka kunyeshewa, akaanza kukwangua kwa kijiko cha plastiki. Milimita mbili, mfuko wa kwanza. Milimita mbili tena, mfuko wa pili. Alikwangua taratibu, kama mtu anayetoa ukoko kwenye sufuria ya kuazima. Bibi amesimama, jembe begani.

"Mwanangu, unatafuta nini hapo juu juu?"

Akamweleza bila haraka. Huko juu angani, miale itokayo mbali hugonga hewa na kuzaa beriliamu-7, chembe zenye mnururisho zinazofifia zenyewe. Hiyo hunata kwenye vumbi, mvua huishusha, udongo huishika kwenye ngozi yake ya juu kabisa. Ikionekana pungufu, ujue ngozi imeondoka na maji.

Bibi akainama, akachota udongo, akausugua kiganjani mpaka mistari ya mkono ikawa myekundu. "Nilianza kulima hapa ukiwa mweusi. Jibu likitoka, mpe mjukuu wangu aje aniambie imebaki kiasi gani."

"Nitakuletea, bibi."

Mwishoni mwa Desemba mafuriko yakakata reli kule Kilosa, mifuko ikakaa Kigoma miezi. Matope ya ziwa hayakuharibika kitu: umri wake husomwa kwa risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mnururisho, ambayo hupungua nusu kwa miaka 22 hivi. Beriliamu hupungua nusu kila siku 53. Udongo wa bibi ulipofika maabara, kilichobaki kilikuwa kidogo mno, mashine haikukisoma.

Sikumwambia. Kila nilipopanda aliniuliza, nami nikasema bado. Nilidhani namsitiri. Pengine angenielewa kuliko nilivyojielewa mimi, sijui. Alifariki akingoja.

Asubuhi hii beseni limetulia, vumbi jembamba limelala chini yake. Nimemwita binti yangu, nikaanza na bibi.