Siku moja maishani mwangu: msimu wa kuvuna mbegu za akwilegia

Saa 12:30 asubuhi

Umande bado uko kwenye majani ya akwilegia, mimea yangu ya maua ya bustani, kwa hiyo mbegu haziguswi. Mbegu ikifungwa na unyevu huota ukungu ndani ya bahasha. Saa hizi ni za ukaguzi: nageuza majani, hasa ya chini, na kutazama upande wa nyuma.

Mabaka ya manjano juu ya jani na utando mweupe au wa kijivu chini yake ni ubwiri vinyoya. Ugonjwa huu ulianza kuonekana kwenye akwilegia za Uingereza mwaka 2013, na ndio ninaouogopa kuliko yote. Mmea wenye dalili unang'olewa mzima na kufungwa kwenye mfuko papo hapo. Usiutupe kwenye mboji, maana vimelea vyake hukaa udongoni, na hapo ulipong'olewa usirudishie akwilegia kwa angalau mwaka mmoja. Unga mweupe unaofutika kwa kidole juu ya jani ni ubwiri unga, ambao haunisumbui sana. Ni ukungu unaoshamiri mizizi ikikauka na hewa isipopita kati ya mimea. Kata majani hayo, mwagilia shinani, weka matandazo.

Saa 1:30 asubuhi

Zamu ya majani yenye michirizi myeupe iliyopindapinda. Humo ndani, katikati ya ngozi mbili za jani, anaishi funza wa inzi mdogo. Dawa ya kunyunyizia juu humpata kwa shida, na mmea wenyewe hauumii sana. Mimea ambayo sitaki mbegu zake naifyeka yote, majani na mashina ya maua, nikiacha sentimita 5 hadi 8 kutoka ardhini. Baada ya wiki chache huchipua majani mapya safi. Mimea ya mbegu haifyekwi, kwa kuwa majani ndiyo yanayolisha mbegu. Hiyo natoa jani moja moja tu.

Viwavi vya kijani vinavyokula jani kuanzia ukingoni ni hatari zaidi, kwani vinaweza kubakiza mishipa mitupu. Viokote kwa mkono, chini ya majani, kila siku.

Saa 3:30 asubuhi

Umande umekauka, naanza kuvuna. Ua la akwilegia ya kawaida huinama likichanua, lakini tunda lake husimama wima: vifuko vyembamba, mara nyingi vitano, vilivyoshikana chini. Vikiiva hugeuka rangi ya majani makavu na kupasuka juu. Ndani mna mbegu nyeusi zinazong'aa. Zikiwa za kijani au kahawia hafifu, ziache. Kwa vile midomo ya vifuko inatazama juu, mbegu hazimwagiki mpaka shina litikiswe, ila mvua ikinyesha maji huingia moja kwa moja na kuziozesha. Ukiona mawingu, kata mashina yenye vifuko vilivyoanza kukauka, uyatie kichwa chini kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.

Kuvuna kila mwaka ni lazima, kwa sababu mmea mmoja huchoka baada ya miaka mitatu au minne hivi, na asiye na miche ya kurithi hubaki na kitanda kitupu. Chagua mmea mama, yaani wa kuvunia mbegu, kwa uangalifu. Akwilegia za aina tofauti hupandana kwa urahisi mno. Nyuki akitoka kwenye ua jekundu la Aquilegia canadensis na kuingia kwenye la buluu, watoto hawatafanana na mama. Anayetaka rangi ibaki hufunika chipukizi la ua kwa wavu mwembamba kabla halijafunguka, husambaza chavua kwa brashi laini kwa siku kadhaa, kisha hufunga uzi kwenye kikonyo ili alitambue wakati wa mavuno. Mbegu na mizizi vina sumu, kwa hiyo visiachwe watoto wanapofikia.

Saa 6 mchana

Kupepeta na kuchekecha. Mbegu zinaanikwa kivulini juu ya karatasi kwa wiki moja.

Saa 8 mchana

Nusu ya mbegu za mwaka huu zinasiwa mbichi leo. Nyingine zitaota baada ya wiki chache, nyingine zitangoja majira ya baridi yapite, hivyo trei isimwagwe mapema. Mbegu kavu ya zamani changanya na mchanga wenye unyevu kidogo, weka kwenye friji nyuzijoto 3 hadi 5 kwa wiki tatu au nne, ndipo usie.

Udongo wa trei uwe mwepesi, usiotuamisha maji. Tawanya mbegu juu, zikandamize kwa kibao, na usizifukie, kwa kuwa zinahitaji mwanga. Hapa ndipo wengi wanapopoteza mbegu zao zote. Trei ikae kwenye beseni lenye maji kidogo mpaka udongo ulowe kutoka chini, maana maji ya juu huzisukuma kwenye pembe. Kwenye nyuzijoto 18 hadi 21, tegemea wiki tatu au nne.

Saa 10:30 jioni

Jua limepungua, nahamisha miche iliyojiotea. Akwilegia ina mzizi mkuu unaokwenda chini kama wa karoti, na ukikatika mche hudumaa au kufa. Hamisha ikiwa na majani halisi mawili hadi manne, na bonge lake la udongo. Nafasi ni sentimita 30 hadi 45. Kitako cha mmea kiwe usawa wa ardhi, kikizikwa huoza. Maua yatakuja mwaka wa pili, baada ya mmea kupitia baridi.

Saa 12 jioni

Bahasha zinaandikwa aina, rangi ya mama na mwaka. Zile za maua yaliyofunikwa kwa wavu zinawekewa alama peke yake. Zikikauka sawasawa zitaingia kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, kisha kwenye friji.