Nyota ya Babu

Leo mchana tulikuwa tunalipanga upya sanduku la marehemu babu. Chini kabisa, ndani ya leso kuukuu, nikakuta nyota ya shaba yenye ncha sita. Utepe wake umefifia: buluu, nyekundu katikati, na michirizi ya rangi ya chungwa.

Bibi akaitazama kidogo, akasema, "Hiyo ya Bama."

Jamani, nilikaa chini. Bama ni Burma, Myanmar ya leo; kumbe ile nyota ni nishani ya waliopigana huko.

Shuleni tulifundishwa kwamba Vita Kuu ya Pili iligeuka Stalingrad, Februari 1943, halafu Normandy, Juni 1944. Tukakariri, tukafanya mtihani. Imphal na Kohima, kule India karibu na mpaka wa Burma, hakuna aliyetutajia, ingawa ndipo Wajapani waliposhindwa mwaka huohuo wa 1944 na kuanza kurudi nyuma.

Na waliowafuata nyuma kwenye bonde la Kabaw huko Burma, masika yakimwagika, matope na malaria, walikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika! Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Desemba wakafika Kalewa, kwenye mto Chindwin.

Babu yangu alikuwa huko. Kijana wa miaka 22.

Niliigeuza ile nyota nikitafuta jina lake. Nyuma ni patupu. Mbele kuna herufi za mfalme wa Uingereza na taji lake, basi.

Bibi akaipokea, akaisugua kwa pindo la khanga, akairudisha kwenye leso.

Wenzangu, nani mwingine ana babu aliyekwenda Burma? Aliwasimulia nini? Niandikieni hapa, nasoma kila kitu.